Vipimo vinne vya John Danforth

Tarehe 18 na 19 Novemba 2004, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilihamia Nairobi. Tangu litulie katika makao yake ya New York, baraza hilo lilikuwa limefanya vikao nje mara tatu tu: Addis Ababa mwaka 1972, Panama mwaka 1973 na Geneva mwaka 1990. Safari hii mabalozi wa nchi 15 walipanda ndege wakaja Gigiri, kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa, kwa ajili ya nchi moja, Sudan, ambayo vita vyake vya kaskazini na kusini vilikuwa vimeingia mwaka wa 21. Zamu ya urais wa baraza mwezi ule ilikuwa ya Marekani, na aliyekalia kiti alikuwa mzee wa miaka 68, kasisi aliyewekewa mikono, aliyewahi kuwa seneta wa Missouri kwa miaka 18: John Danforth. Wajumbe wa serikali ya Khartoum na wa SPLM, chama cha waasi wa kusini, wakatia saini pale ahadi ya kukamilisha mkataba wa amani kabla mwaka haujaisha.

Ahadi za namna hiyo Sudan ilizizoea, na nyingi zilifia mezani. Hii ilitimizwa. Tarehe 31 Desemba hati za mwisho zilitiwa saini Naivasha, na tarehe 9 Januari 2005 mkataba wenyewe ukatiwa saini katika Uwanja wa Nyayo.

Katika masimulizi yetu ya Afrika Mashariki, amani ile ina majina matatu: John Garang, kiongozi wa SPLM; Ali Osman Taha, makamu wa rais wa Sudan; na Luteni Jenerali Lazaro Sumbeiywo, Mkenya aliyewaweka mahasimu hao meza moja miezi na miezi. Mgala muue na haki yake mpe: jasho kubwa lilikuwa la Sumbeiywo na la Wasudani wenyewe. Danforth hutajwa kwa kupita tu. Nataka kukaa naye leo kwa sababu safari yake ya siasa inagusa swali linalonisumbua kila uchaguzi unapokaribia, huku kwetu na kwao vilevile. Mwanasiasa wa msimamo wa kati, asiyepiga kelele wala kutukana, hufanya kazi kwa chombo gani? Na chombo hicho huishiwa makali wapi?

Nionavyo mimi, Danforth alikuwa na kipaji kimoja adimu, kipaji cha kupima. Alipokutana na watu asiowaamini aliwawekea mtihani kwanza, akangoja matokeo, ndipo akazungumza nao. Kwa njia hiyo alifanya mambo makubwa. Watu aliowapenda, vijana waliosoma alikosoma yeye na kusali kama anavyosali yeye, aliwapokea bila mtihani wowote. Huko ndiko alikoumia, na nchi yake ikaumia pamoja naye.

Alizaliwa St. Louis, Missouri, Septemba 1936, katika ukoo wenye mali. Babu yake ndiye aliyeanzisha Ralston Purina, kampuni iliyotajirika kwa kuuza chakula cha mifugo. Alisoma Princeton, kisha Yale, na mwaka 1963 akatoka huko na shahada mbili kwa mkupuo, ya theolojia na ya sheria. Akawa wakili na akawa kasisi wa Kanisa la Episcopal, ambalo ndilo tawi la Kianglikana la Marekani. Wanaomsifu kwa uhuru wake wa mawazo husahau habari ya mali, nami sioni sababu ya kuisahau. Mtu asiyehitaji hela ya mfadhili anaweza kumwambia mfadhili hapana. Wanasiasa wengi wa kati waliozama katika Chama cha Republican miaka ya baadaye hawakuwa na mto wa kulalia namna hiyo.

Mwaka 1968 alichaguliwa kuwa mwanasheria mkuu wa jimbo la Missouri, akiwa na miaka 32. Zaidi ya miaka 20 ilikuwa imepita bila mgombea wa Republican, chama chake, kushinda wadhifa wowote wa jimbo zima. Katika ofisi ile alikusanya mawakili vijana, na hapo jicho lake lilionekana. Christopher Bond alipitia pale, baadaye akawa gavana na seneta. John Ashcroft alipitia pale, akawa gavana, seneta, kisha mwanasheria mkuu wa taifa. Mwaka 1974 alimwajiri kijana mweusi aliyekuwa anamaliza Yale, Clarence Thomas, ambaye leo ni jaji wa Mahakama ya Juu. Ofisi moja ya jimbo, katika miaka minane, ilitoa watu wote hao.

Seneti aliijaribu mara ya kwanza mwaka 1970 akashindwa kwa kura chache na Stuart Symington. Mwaka 1976 alirudi tena. Usiku wa kura za mchujo za Democratic, mshindi wao Jerry Litton alikufa katika ajali ya ndege pamoja na familia yake akielekea kwenye sherehe ya ushindi. Chama kikamweka gavana wa zamani, Warren Hearnes, na Danforth akamshinda kwa tofauti kubwa. Mwaka 1982 nusura apoteze kiti kwa Harriett Woods. Mwaka 1988 alipata karibu asilimia 68 ya kura. Aliondoka kwa hiari yake Januari 1995.

Wa kati kwa maana gani? Alipinga utoaji mimba, na alipinga adhabu ya kifo, yote mawili kwa pumzi moja, jambo ambalo kambi zote mbili za Marekani ziliona gumu kulimeza. Alikuwa mhafidhina wa bajeti. Januari 1984 alizunguka nchi za Afrika zilizokuwa zimepigwa na ukame, akarudi Washington na picha alizopiga, akamwonyesha Rais Reagan, kisha akaisukuma Seneti kuongeza msaada wa chakula. Wenzake walimbandika jina la Mtakatifu Jack. Wengine walilitamka kwa heshima, wengine kwa kuchoshwa na mahubiri yake.

Alipotoka Seneti, serikali mbili za vyama tofauti zilimtafuta kwa kazi ile ile ya kupima. Septemba 1999, Mwanasheria Mkuu Janet Reno, wa serikali ya Clinton, alimpa uchunguzi wa Waco, Texas, ambako Aprili 1993 zaidi ya watu 70 wa madhehebu ya Branch Davidian walikufa katika moto baada ya kuzingirwa na maofisa wa FBI. Wamarekani wengi waliamini kwamba maofisa waliwapiga risasi waliokuwa ndani, kwa sababu picha za kamera ya joto kutoka angani zilionyesha vimulimuli. Danforth hakutaka kubishana kwa maneno. Machi 2000 lilifanyika jaribio katika kambi ya jeshi ya Fort Hood: bunduki zikafyatuliwa, kamera zikapita juu, na picha zikalinganishwa na zile za 1993. Vimulimuli vile vilikuwa mwanga wa jua ukirudishwa na vifusi. Ripoti yake iliwaondolea maofisa shutuma za kuwapiga watu risasi na kuwasha moto, lakini ikawakemea wale wa serikali walioficha taarifa kwa miaka. Haikumridhisha kila mtu. Hata hivyo ilisimama juu ya kitu kilichojaribiwa hadharani.

Kisha Sudan. Tarehe 6 Septemba 2001, katika bustani ya Ikulu ya Marekani, Rais George W. Bush alimtangaza Danforth kuwa mjumbe wake maalumu wa amani ya Sudan. Bush alisukumwa na makundi mawili yasiyokutana mara nyingi: Wakristo wa kiinjili waliolilia makanisa ya kusini, na wabunge weusi waliolilia habari za watu kutekwa na kufanywa watumwa. Siku tano baadaye ndege zikapiga New York na Washington. Khartoum ilikuwa imemhifadhi Osama bin Laden kuanzia 1991 hadi 1996, na mwaka 1998 makombora ya Marekani yalikuwa yamekibomoa kiwanda cha dawa cha Al-Shifa. Ghafla serikali ya Omar al-Bashir ikawa na sababu kubwa ya kutaka kuonekana mwema. Ni lazima jambo hili lisemwe waziwazi, maana mafanikio ya mjumbe hayapimiki bila kutazama upepo uliokuwa nyuma yake. Vilevile kusini palikuwa pamechoka. Vita vilivyoanza 1983 vilikadiriwa kuua watu milioni mbili na kuwang'oa milioni nne makwao.

Mjumbe mwingine angeanza na rasimu ya katiba. Danforth alianza na shaka. Swali lake la kwanza lilikuwa dogo na gumu: je, hawa watu wana nia ya amani, au wana nia ya mazungumzo tu? Akaweka vipimo vinne.

Cha kwanza kilikuwa Milima ya Nuba, katikati ya nchi, ambako watu walikuwa wamekatiwa misaada kwa miaka: simamisheni mapigano huko, chakula kipite. Cha pili, tengeni siku na maeneo ya utulivu ili wahudumu wachanje watoto dhidi ya polio, wapambane na mnyoo wa Guinea, na wachanje ng'ombe dhidi ya sotoka. Cha tatu, kubalini tume ya kimataifa ichunguze utekaji na utumwa. Cha nne, acheni kushambulia raia, na mkubali wachunguzi waingie kuthibitisha.

Ninavipenda vipimo hivi kwa sababu ambayo wachambuzi wengi hupita juu yake. Kila kimoja kilimfaa mwananchi wa kawaida hata kama amani kubwa ingeshindikana. Mtoto aliyechanjwa katika siku ya utulivu amechanjwa, vita virudi visirudi. Ng'ombe wa Mdinka aliyeokoka na sotoka ameokoka. Zaidi ya hayo, kila kimoja kilikuwa na jibu la ndiyo au hapana ambalo mtu anaweza kwenda kuliangalia kwa macho. Hapakuwa na nafasi ya kujificha nyuma ya maneno matamu ya tamko la pamoja.

Nuba ilijibu mapema. Mapatano ya kusitisha mapigano yalitiwa saini Bürgenstock, Uswisi, tarehe 19 Januari 2002. Kikosi kidogo cha waangalizi wasio na silaha, chini ya Brigedia Jenerali Jan Erik Wilhelmsen wa Norway, kikatumwa milimani, na mapatano yakahuishwa kila miezi sita hadi mkataba mkuu ulipopatikana. Watu waliokuwa wamekimbilia vileleni wakaanza kushuka kulima mabondeni.

Kipimo cha raia ndicho kilichoonyesha kwamba mtihani ulikuwa na meno. Tarehe 20 Februari 2002, helikopta ya kivita ya serikali iliwashambulia watu huko Bieh, kusini, wakiwa wamekusanyika kupokea chakula cha Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Waliuawa wanawake na watoto. Marekani ikasimamisha mazungumzo yake na Khartoum palepale. Mwezi uliofuata serikali, baada ya kuomba radhi, ikakubali wachunguzi wa kimataifa wa mashambulizi dhidi ya raia. Mtihani bila adhabu ni mapambo, na pale adhabu ilionekana.

Ripoti yake kwa Bush ya Aprili 2002 ilisema vipimo vimetoa matokeo ya kutosha kuendelea, na kwamba Marekani iunge mkono juhudi za Kenya na IGAD, jumuiya ya nchi za ukanda huu, badala ya kuanzisha meza yake. Uamuzi huo ulihitaji unyenyekevu, maana taifa kubwa hupenda kukaa kwenye picha. Lakini ndani ya ripoti hiyo hiyo kuna jambo alilokosea. Danforth aliona kwamba kusini kujitenga ni jambo gumu mno kufikiwa, na kwamba kujitawala kwa maana ifaayo kungekuwa ni kulindwa dini na utamaduni wa watu wa kusini ndani ya Sudan moja. Miezi mitatu baadaye, tarehe 20 Julai 2002, Itifaki ya Machakos ikawapa watu wa kusini kura ya maoni baada ya miaka sita ya mpito, kujitenga kukiwa mojawapo ya majibu. Meza ya Sumbeiywo ilikuwa imesikia kilichokuwa moyoni mwa kusini. Danforth hakuwa amekipima.

Wapo wanaosema historia ilimpa haki, kwa sababu Sudan Kusini, iliyopiga kura ya asilimia 98.83 kujitenga Januari 2011, iliingia vitani yenyewe kwa yenyewe Desemba 2013. Siikubali hoja hii. Umoja alioupendelea ulihitaji Khartoum inayotunza ahadi zake baada ya wageni kuondoka, na Khartoum ya namna hiyo haikuwepo. Vita vya Juba vilitokana na namna viongozi wa Juba walivyogawana jeshi, mafuta na hofu. Havikutokana na mkulima wa Bor kutaka bendera yake.

Danforth, kwa sifa yake, hakuizuia Machakos. Aliendelea kuja na kuondoka, Naivasha ikawa mji anaoujua. Septemba 2003 Taha na Garang walikutana huko ana kwa ana, na wakaanza kukubaliana: jeshi mwezi huohuo, mafuta na mapato Januari 2004. Zikabaki nyadhifa, maeneo ya Nuba na Blue Nile, na Abyei.

Abyei ni eneo la mpakani ambako Wadinka wa Ngok wamekaa na ambako Wamisseriya, wafugaji Waarabu, hupitisha mifugo yao kila kiangazi wakifuata maji. Chini yake palikuwa na mafuta. Garang alikuwa na makamanda wakubwa kutoka Abyei na asingeweza kuiacha. Taha hakuwa tayari kuitoa. Tarehe 19 Machi 2004 Danforth aliwawekea wote wawili karatasi mezani, kanuni za mapatano ya Abyei. Wakaikubali kama ilivyo, na hadi leo itifaki ya Abyei inataja jina lake na tarehe ile katika maandishi yake. Karatasi ilisema eneo liwe chini ya ofisi ya rais, wakazi wawe raia wa pande zote mbili, mapato ya mafuta yagawanywe kwa asilimia, na kusini ikipiga kura, Abyei nayo ipige yake kuchagua upande.

Mazungumzo yakapita. Mei 26 itifaki zilizobaki zikasainiwa. Kwa mtazamo wa siku ile, karatasi ya Danforth iliokoa mkutano mzima.

Lakini itazameni tena kwa jicho la yule Danforth wa 2001. Kipimo kiko wapi? Nani atapiga kura Abyei? Wakazi, ilisemwa, pamoja na Wadinka wa Ngok. Ni Mmisseriya gani anayehesabiwa kuwa mkazi, liliachiwa tume ya baadaye. Mpaka wa eneo uko wapi? Uliachiwa tume nyingine. Swali gumu kuliko yote liliwekwa kiporo, na kiporo cha Sudan huchacha upesi. Tume ya mpaka ilipotoa jibu mwaka 2005, Khartoum ililikataa. Mji wa Abyei ukachomwa Mei 2008. Mahakama ya usuluhishi ya The Hague ikachora mpaka mwingine Julai 2009. Mei 2011 jeshi la Sudan likaingia, na maelfu kwa maelfu wakakimbia. Umoja wa Mataifa ukapeleka askari wa Ethiopia. Kura ambayo Danforth aliiandika Machi 2004 haikupigwa Januari 2011 wala baadaye kwa makubaliano ya pande zote.

Simlaumu kwa kutafuta njia ya kupita. Yeyote aliyewahi kusuluhisha ugomvi wa shamba la urithi kijijini anajua kwamba wakati mwingine unaacha mpaka wa mwembe ule ili ndugu wakubaliane juu ya nyumba. Ninachosema ni kwamba ustadi wa watu wa kati, kuona kipande kinachowezekana na kukichukua, una deni ndani yake. Deni hilo halilipwi na msuluhishi. Hulipwa na anayeishi penye mwembe.

Darfur ilikuwa deni jingine, kubwa zaidi. Waasi wa huko walianza mapigano mwaka 2003, wakati Naivasha inaiva, na serikali ikawafungulia Janjaweed, wanamgambo wa upande wake, vijiji. Nchi zilizosimamia mazungumzo, Marekani, Uingereza na Norway, zilijua. Ziliogopa kuibana Khartoum kwa mkono wa kushoto ilhali inasaini kwa mkono wa kulia. Danforth alipofika Umoja wa Mataifa kama balozi wa Marekani Julai 2004, mwezi mmoja baada ya kuendesha ibada ya mazishi ya Reagan katika kanisa kuu la Washington, Darfur ndiyo ilikuwa faili lake la kwanza. Azimio 1556 la tarehe 30 Julai lilipita kwa kura 13, China na Pakistan zikijizuia, na lilipita baada ya neno vikwazo kuondolewa na kuwekwa neno hatua. Septemba, Waziri wa Mambo ya Nje Colin Powell akatamka kwamba yanayotokea Darfur ni mauaji ya kimbari. Mwaka uliofuata Danforth aliiambia BBC kwamba aliona tamko lile lilisemwa kwa ajili ya masikio ya ndani ya Marekani. Ni ukweli mchungu kutoka kwa mtu aliyekuwa balozi wa serikali hiyo hiyo.

Na azimio la Nairobi, namba 1574, lililosherehekewa kwa ajili ya kaskazini na kusini, kwa Darfur lilikuwa laini kuliko yale yaliyotangulia. Mashirika ya haki za binadamu yalilalamika siku ileile. Danforth aliweka uzito wote upande mmoja wa mizani, akiamini kwamba amani ya kusini ingevuta ya Darfur. Haikuivuta. Wanamgambo walioachwa bila kuvunjwa miaka ile ndio mzizi wa RSF, kikosi cha wapiganaji kilichoingia vitani na jeshi la Sudan Aprili 2023.

Siku tatu baada ya kikao cha Nairobi aliandika barua ya kujiuzulu. Alisema anataka kurudi nyumbani St. Louis kwa mke wake. Alikaa kwenye ubalozi ule miezi isiyozidi saba. Siku zilezile, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipokataa hata kuijadili hoja juu ya haki za binadamu Sudan, aliuliza hadharani chombo hicho kina manufaa gani. Mtu aliyezoea kupima alikuwa amefika mahali ambapo watahiniwa ndio wanaosahihisha mtihani.

Huko nyumbani hadithi ni nyingine. Julai 1991 Rais Bush mkubwa alimteua Clarence Thomas kuwa jaji wa Mahakama ya Juu, na Danforth akawa mdhamini wake mkuu. Profesa Anita Hill alipojitokeza kumshutumu Thomas kwa unyanyasaji wa kingono kazini, Danforth hakusema tusubiri tupime. Alipigana. Baadaye yeye mwenyewe alikiri kwa maandishi kwamba siku zile alivuka mipaka na hakumtendea Hill haki. Thomas alipitishwa tarehe 15 Oktoba kwa kura 52 dhidi ya 48. Siku chache tu baadaye, Danforth huyohuyo akakamilisha na Ikulu na Edward Kennedy maafikiano yaliyozaa Sheria ya Haki za Kiraia ya 1991. Sheria hiyo ilifuta hukumu kadhaa za Mahakama ya Juu zilizokuwa zimemfungia mlango mfanyakazi anayebaguliwa, na ikampa haki ya kesi yake kuamuliwa na baraza la wazee wa mahakama na ya kulipwa fidia. Bush alikuwa ameukataa muswada wa namna hiyo mwaka mmoja kabla. Safari hii akausaini Novemba. Mwezi mmoja, mtu mmoja. Sheria ile ni kazi ya mpimaji: aliichukua kifungu kwa kifungu, aliuliza nani ataumia. Thomas alikuwa kijana wake wa 1974, na kijana wa mtu hapimwi.

Alipozeeka alikiona chama chake kikienda asikotaka. Machi 2005 aliandika katika New York Times kwamba Chama cha Republican kimegeuzwa kuwa mkono wa kisiasa wa Wakristo wahafidhina. Yalikuwa maneno mazito kutoka kwa kasisi, tena aliyepinga utoaji mimba. Mwaka 2015, Missouri, alisimama kanisani kumzika Tom Schweich, mkaguzi wa hesabu wa jimbo aliyejiua katikati ya kampeni ya ugavana. Schweich alikuwa amefanya naye kazi ya Waco na ya Umoja wa Mataifa, na alikuwa na uchungu wa minong'ono iliyosambazwa juu ya asili yake ya Kiyahudi. Danforth aliyashutumu waziwazi matangazo ya dhihaka na siasa za uonevu, mbele ya wanasiasa waliojaa kwenye viti.

Ndipo akaja Josh Hawley. Kijana wa Missouri, msomi wa sheria wa Yale, Mkristo anayesema vizuri. Danforth alimwona tangu akiwa mwanafunzi, akamwona tena kama mrithi. Alimsukuma agombee Seneti, na mwaka 2018 Hawley akashinda. Hakuna Milima ya Nuba hapo, hakuna siku za utulivu, hakuna waangalizi. Palikuwa na kufanana tu. Tarehe 7 Januari 2021, baada ya Hawley kuwa seneta wa kwanza kutangaza kwamba atapinga kuthibitishwa kwa ushindi wa Joe Biden, na baada ya umati kuvamia Bunge siku iliyotangulia, Danforth aliliambia gazeti la St. Louis kwamba kumuunga mkono Hawley ndilo kosa baya kuliko yote aliyowahi kufanya maishani. Nimewasikia wanasiasa wengi wakiomba radhi kwa namna ya kujitoa. Hii haikuwa na mlango wa nyuma.

Alijaribu kurekebisha. Mwaka 2022 alimuunga mkono John Wood, mwanasheria wa Republican aliyejitokeza kama mgombea huru wa kiti kingine cha Seneti cha Missouri, akitumaini kwamba kati bado kuna wapiga kura. Wood alijitoa Agosti, hata kampeni haijashika moto. Kiti kikachukuliwa na Eric Schmitt wa Republican. Novemba 2024 Hawley naye akarudishwa kwa muhula wa pili, kwa ushindi usio na ubishi. Kiti anachokikalia ni kile kile ambacho Danforth alikishinda mwaka 1976 na kukiacha mwenyewe Januari 1995.